Ombi la Zamu Moja Upande wa Kushoto: Barua ya Wazi kwa Mzee John Henry

Kwa Mheshimiwa Sana,
Mzee John W. Henry,
Mmiliki Mkuu wa Boston Red Sox, na mwenye neno la mwisho pale Liverpool,
Fenway Park, Jersey Street,
Boston, Marekani.

Mheshimiwa, shikamoo.

YAH: OMBI LA KUKUTAKA USIMAME UWANJANI KWA ZAMU MOJA ILI UZOMEWE KWA UTARATIBU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako wa thamani. Najua mtu wa nafasi yako hapungukiwi barua, na nyingi zinatoka kwa watu wenye suti na mawakili. Mimi sina suti wala wakili. Ni shabiki wa Liverpool wa huku pwani ya Afrika Mashariki, mmoja wa wale wanaolipa kiingilio cha kibanda umiza, wakabanana kwenye benchi la mbao kutazama timu yako huku feni ikizungusha joto lile lile. Sijui kama shilingi zetu zinafika Boston. Mapenzi yetu, kwa hakika, yanafika hadi Anfield.

Ni Liverpool iliyotuleta kwenye besiboli, Mheshimiwa. Oktoba 2010 kampuni yako ilipoinunua klabu yetu kwa pauni milioni 300, tuliulizana huyu mzee mpole ni nani. Tukaambiwa ana timu nyingine aliyoichukua mwaka 2002, timu iliyokaa tangu 1918 bila ubingwa, na chini ya mikono yake ikauchukua mwaka 2004, ikarudia 2007, 2013 na 2018. Sisi tuliokuwa tukihesabu miaka tangu ubingwa wa ligi wa 1990 tulijiona tumepata mtu wetu. Ubingwa wa 2020 tuliuona kwa macho yetu, na shukrani zetu kwako hazijapungua. Kwa hiyo tafadhali usiisome barua hii kama ya adui. Isome kama ya mtu wa nyumbani anayeogopa kusema mezani, akaamua kuandika.

Jambo lenyewe linamhusu kijana wako Jarren Duran, na kelele za kumzomea.

Jioni ya tarehe 22 Julai 2022, Red Sox walikuwa nyumbani dhidi ya Toronto Blue Jays. Ilikuwa zamu ya tatu, besi zote tatu zimekaliwa na wageni. Raimel Tapia akaupiga mpira juu sana kuelekea katikati ya uwanja. Ni mpira ambao mlinzi wa nje wa ligi kuu huudaka huku akifikiria chakula cha usiku. Duran ndiye aliyekuwa katikati, na aliupoteza machoni katika ule mwanga wa machweo ambao si mchana na si usiku. Mpira ulianguka nyuma yake, mbali, ukabiringika kuelekea ukutani.

Kupoteza mpira machoni kila mtu anakusamehe. Kilichowasha moto ni sekunde zilizofuata: Duran hakuukimbilia. Alex Verdugo alitoka mbio upande wa kushoto, akaja kuuokota yeye. Wakati huo wachezaji watatu wa Toronto walikuwa wameshafika nyumbani, na Tapia mwenyewe akawafuata. Kwa hesabu za besiboli ni homrani ya mikimbio minne, na mpira haukutoka hata nje ya uwanja. Mchezo uliisha 28–5, na katika historia nzima ya Red Sox hawajawahi kuruhusu mikimbio mingi kiasi hicho. Duran alieleza kwamba Verdugo alikuwa ameshaufuata ule mpira. Jukwaa halikuwa na hamu ya maelezo.

Kwa ruhusa yako nitaeleza jinsi mashabiki walivyogawanyika, maana kwenye meza yako huenda mgawanyiko huu hufika umeshapigwa pasi.

Kundi la kwanza linasema: kosa la macho si kosa, lakini miguu haihitaji kuona. Mpira uko nyuma yako, watu wanazunguka besi, kimbia, hata kama mwenzako atauwahi. Mchezaji mwenye mbio kama za Duran akisimama, mtu aliyekosa kipaji afanye nini? Kwa hao, kumzomea ni haki ya aliyelipa, na ni namna pekee aliyonayo ya kusema kwamba kipaji si ruhusa ya kuzembea.

Kundi la pili linasema: kijana huyu mlimchukua mwaka 2018 akiwa mchezaji wa besi ya pili, mkamgeuza kuwa mlinzi wa nje kwa sababu ana mbio. Uwanja wa nje una elimu yake. Mpira uliopigwa ukaja moja kwa moja kwako ndio mgumu kuliko wote, kwa kuwa mwanzoni haukuonyeshi kama utafika, utapita au utafia mbele yako, na mlinzi mzoefu anausoma kwa mlio wa gongo kabla hata macho hayajafanya kazi. Usikivu huo unakuja kwa miaka. Mtu akiganda mbele ya watu maelfu, hajazembea, ameganda.

Kisha ukaja msimu wa 2024. Duran alicheza michezo 160, akapiga mapigo 48 ya besi mbili na 14 ya besi tatu, akateuliwa kwenye mchezo wa nyota wote na kuondoka na tuzo ya mchezaji bora. Kila kundi liliuchukua msimu huo kuwa shahidi wake. La kwanza likasema, mnaona, tulimzomea akakaza. La pili likasema, mnaona, amefika huko licha ya ninyi.

Mwaka 2025, katika filamu ya mfululizo iliyoifuata timu yako kwa msimu mzima, Duran alisema mwenyewe kwamba mwaka 2022, katika kipindi kile kigumu, alijaribu kujiua. Mheshimiwa, siwezi kudai kwamba zomeazomea ndiyo iliyomfikisha huko. Mambo ya nafsi ya mtu hayana chanzo kimoja, na mwenye nafsi ndiye mwenye kauli. Ninachosema ni kidogo zaidi: wakati sisi tunabishana kama yule kijana ni mvivu au mwoga, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua anachokitazama. Kutoka jukwaani unaiona miguu imesimama, basi. Sababu ya kusimama haionekani, hata ukikata tiketi ya mstari wa mbele.

Nisingependa udhani nawaonea mashabiki wa Boston. Wana kazi ngumu, na wamerithi desturi ya kale. Upande wa kushoto wa uwanja wako, chini ya ule ukuta wa kijani wenye urefu wa zaidi ya mita 11, wamepita wakubwa, na karibu wote walizomewa. Ted Williams, ambaye mwaka 1941 alipiga wastani wa .406 na tangu hapo ligi yake haijapata mwingine wa kuifikia .400 kwa msimu mzima, alituhumiwa kwamba akiwa ulinzini mawazo yake yako kwenye gongo. Tarehe 7 Agosti 1956, katika zamu ya 11 dhidi ya Yankees, aliuangusha mpira wa Mickey Mantle na uwanja ukamzomea. Muda mfupi baadaye akaudaka vizuri mpira wa Yogi Berra, na watu wale wale wakashangilia. Nadhani hicho ndicho kilichomchoma zaidi. Akatema mate kuelekea jukwaani. Klabu ikamtoza faini ya dola 5,000, pesa nyingi kwa zama zile.

Aliyempokea, Carl Yastrzemski, aliujua ukuta ule kama mpishi anavyojua jiko lake: mpira ukigonga hapa unarudi kule, ukigonga bati pale unakufa. Naye alizomewa, na inasimuliwa aliwahi kuingia uwanjani na pamba masikioni. Halafu akaja Manny Ramirez, mkataba wa miaka minane kwa dola milioni 160, kipaji cha gongo kilichojaa hadi kumwagika. Mwaka 2004 mwenzake Johnny Damon aliurusha mpira kutoka katikati kuelekea ndani, Manny akajitupa njiani kuukatiza, hakuna aliyejua kwa nini, na mpigaji wa Baltimore akazunguka besi zote. Mwaka uliofuata, mchezo ukiwa umesimama kidogo, aliingia kwenye kile kijimlango cha ubao wa matokeo ukutani, na ilikaribia mrushaji arushe mpira kabla hajatoka.

Mle ndani, Mheshimiwa, unapafahamu kuliko mimi: chumba chembamba cha zege ambamo namba za matokeo bado zinabadilishwa kwa mkono, hakuna choo, na kuta zimejaa majina yaliyoandikwa na wachezaji waliopita. Manny alizoea mahali hapo. Mashabiki walicheka, wakakasirika, wakacheka tena, hadi Julai 2008 ulipomuuza Los Angeles. Kwenye fainali za 2004 alifanya makosa mawili ya ulinzi katika mchezo wa kwanza, akamaliza fainali hizo akiwa mchezaji bora. Mzomeaji hana budi kuwa na kumbukumbu fupi.

Naomba pia nikiri kwa niaba ya jukwaa kwamba kuna siku kelele huvuka mpaka. Mei 2017, Adam Jones, mlinzi wa katikati wa Baltimore, alitukanwa kwa rangi yake hapo hapo Fenway na kutupiwa mfuko wa karanga. Klabu yako iliomba radhi, na usiku uliofuata uwanja ulisimama kumpigia makofi. Mookie Betts, aliyekuwa mchezaji wako wakati huo, alikuwa amewaomba watu wafanye hivyo. Mwaka uliofuata mtaa wa mbele ya lango lako, uliobeba jina la Tom Yawkey, ulirudishiwa jina la Jersey Street kwa ombi lako. Yawkey ndiye aliyeimiliki timu wakati ikiwa ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mchezaji mweusi, mwaka 1959. Aprili 2025 shabiki mmoja jijini Cleveland alimtolea Duran maneno juu ya lile jaribio lake la kujiua, akatolewa nje. Na Duran mwenyewe si malaika: Agosti 2024 alimjibu mzomeaji kwa tusi dhidi ya mashoga, akafungiwa michezo miwili. Kumzomea mtu kwa mpira alioudondosha ni mchezo. Kumfuata kwa ngozi yake au kwa jeraha lake ni kitu kingine, na hakuna tiketi inayokinunua.

Sasa, kwa unyenyekevu mkubwa, nifike kwenye ombi.

Katika mabishano yote haya juu ya nani hakukimbia, jina moja halitajwi vya kutosha, na naona ni utovu wa adabu kwetu kukusahau. Februari 2020 ulimwachia Mookie Betts aende Los Angeles. Huyu hakuwa mlinzi wa kubahatisha. Alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, mwenye Glavu ya Dhahabu mara nne mfululizo, kuanzia 2016 hadi 2019, akilinda upande wa kulia wa Fenway wenye kona zinazowapoteza wageni. Mlirudishiwa wachezaji watatu, na aliyekuwa mkubwa kati yao ni Alex Verdugo. Ndiyo, Mheshimiwa: yule yule aliyekuja mbio kuokota mpira wa Tapia. Jioni ile tulimwona fidia ya Betts akikimbia kufunika kosa la uwanja wa nje ambao Betts hayumo.

Naifahamu hesabu yake. Mkataba wa Betts ulibakiza mwaka mmoja, na kulikuwa na kodi ya mishahara mikubwa. Los Angeles walimpa mkataba wa miaka 12 kwa dola milioni 365, na amechukua nao ubingwa mwaka 2020, 2024 na 2025. Inawezekana kabisa kwamba karatasi zako zilikuwa sahihi na mioyo yetu ndiyo haijui kujumlisha. Ila naomba uniruhusu tofauti moja ndogo. Duran alikuwa na sekunde kadhaa, kichwa juu, machweo yakimmeza mpira. Wewe ulikuwa na miezi, meza, washauri, taa za umeme na chai. Hakuna jua lililokuwa machoni mwako. Kama jukwaa linataka kumzomea mtu aliyeuona mpira vizuri na akauacha uende, mtu huyo hajawahi kuvaa namba mgongoni.

Wala si kwamba hujui kuzomewa. Februari 2016 watu wa Anfield walitoka uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, nanyi mkaomba radhi na kusimamisha bei. Aprili 2021, baada ya lile jambo la Ligi Kuu ya Ulaya ya matajiri, ulitokea kwenye video ukaomba msamaha kwa sauti ya upole iliyotugusa hata sisi wa kibanda umiza. Tarehe 2 Januari 2023 ulizomewa Fenway kwenye mchezo wa hoki, watu wakikutaka usaini mkataba wa Rafael Devers. Siku mbili baadaye habari za mkataba wake wa miaka kumi zikatoka. Mwezi huo huo ukazomewa tena Springfield, kwenye tamasha la kuwakutanisha mashabiki na timu. Nadhani hesabu inaonyesha kwamba wewe ukizomewa, jambo hutokea. Duran akizomewa, hutokea nini? Hana mamlaka ya kusaini mtu. Zomeazomea imekuwa ikipelekwa ofisi isiyohusika. Ni kweli pia kwamba Devers mwenyewe uliwapa San Francisco Juni 2025, lakini hilo naliacha kwa barua nyingine.

Kuna kitu kwenye ukuta ule ambacho wageni wengi hawakioni. Kwenye ubao wa matokeo, katika mistari myeupe ya wima, kuna nukta na vistari. Ni alama za simu ya upepo, na zinaandika herufi za mwanzo za majina ya Tom Yawkey na mkewe Jean. Kwa miongo mingi kila mlinzi wa kushoto aliyezomewa alizomewa akiwa amelipa mgongo jina la mwenye timu, na jina lenyewe limeandikwa kwa namna ambayo mzomeaji hawezi kulisoma. Sidai kwamba ilikusudiwa. Nasema tu ni mpango mzuri sana kwa mwenye timu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo:

(a) Kwamba katika mchezo wa kwanza wa nyumbani wa kila msimu, kabla mpira haujarushwa, usimame upande wa kushoto kwa muda wa zamu moja, ukiwa na glavu au bila, kadiri afya itakavyoruhusu.

(b) Kwamba mashabiki waruhusiwe kukuzomea kwa maamuzi ya ofisini peke yake: waliouzwa, walioachwa waende, na bei ya tiketi. Umri wako, familia yako na afya yako visiguswe, na atakayevuka hapo atolewe kama yule wa Cleveland.

(c) Kwamba zamu hiyo ikiisha, mlinzi anayehusika aingie kwenye nafasi yake bila deni la mtu mwingine. Akisimama mpira ukiwa nyuma yake, azomewe yeye, kwa kosa lake yeye, na kwa kiasi chake.

(d) Kwamba ukipenda utaratibu huu, uupeleke na Anfield. Huko tutakupokea vizuri zaidi, maana tunakudai kidogo kuliko Boston.

Najua utaambiwa haiwezekani, kwamba mwenye mali hasimami juani. Lakini mali yenyewe, Mheshimiwa, ni watu waliosimama juani, na wewe ndiye uliyewaweka hapo.

Natanguliza shukrani zangu za dhati, nikikutakia afya njema na maamuzi mema katika usajili ujao.

Wako mtiifu,
Shabiki wa kibanda umiza,
Pwani ya Afrika Mashariki.

Nakala:
1. Jarren Duran: kwa taarifa, tafadhali muazime mzee glavu.
2. Mookie Betts, Los Angeles: kwa taarifa tu, wala asijisumbue kurudi.
3. Mhudumu wa ubao wa matokeo, ukutani: aache kijimlango wazi, endapo mheshimiwa atahitaji kuingia ndani kidogo.